Nafsi Isiyosadikiwa

Maradhi ya mwili, hata mgonjwa akiwa bubu, yana mashahidi wake: homa hupanda katika kipimo, mfupa uliovunjika huonekana, damu husema yenyewe ikitiwa chini ya hadubini. Maradhi ya nafsi hayana shahidi ila mmoja, naye ni mwenye kuugua. Majonzi yaliyomzidi mtu hata akakataa chakula na kukosa usingizi, wahaka unaomwamsha usiku wa manane na kumtoa nje, sauti zinazomsemesha yeye peke yake ilhali walio karibu naye hawasikii kitu, hayo yote tabibu hana njia ya kuyajua ila kwa kuambiwa, na akiisha kuambiwa hana njia ya kuyatibu ila kwanza asadiki. Kwa sababu hiyo suala la nani apate tiba ya akili na nani aikose, ambalo aghalabu huzungumzwa kama kwamba ni suala la fedha, vitanda na idadi ya madaktari, lina suala jingine lililolitangulia, ambalo ni la dini na hekima kabla ya kuwa la hazina ya serikali: ni nani ambaye, akisema kuwa nafsi yake inaumia, neno lake hukubaliwa? Itikadi yangu, nami nitaileta pamoja na ushahidi wake, ni kwamba tofauti iliyopo baina ya mtu mweusi na mtu mweupe katika tiba hii ilizaliwa katika suala hilo la pili, na kwamba vitanda vikiongezwa na suala hilo likaachwa lilivyo, mtu mweusi ataingia hospitalini kwa wingi zaidi na atatibiwa kidogo vile vile.

Ushahidi wa kwanza uko Nairobi. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua huko nyumba ya wenye wazimu, mahali palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui, na mwaka 1924 nyumba hiyo ikapewa jina la Mathari ambalo linajulikana hata leo. Wagonjwa waligawanywa kwa rangi, Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali, na raha ya malazi ikapungua kwa mpango huo huo. Tangu 1938 mpaka 1950 mkuu wake alikuwa J. C. Carothers, daktari wa serikali aliyekabidhiwa hospitali hiyo kabla hajapata elimu mahususi ya maradhi ya akili. Mwaka 1947 alitoa utafiti juu ya Waafrika waliopokelewa Mathari baina ya 1939 na 1943. Akaipima idadi yao kwa idadi ya watu wa koloni, kisha akaipambanisha na hesabu za Uingereza na Marekani, akaona kuwa ni wachache mno. Kutokana na uchache huo alitoa hukumu kwamba Mwafrika akaaye katika mila yake hashikwi na wazimu mara nyingi, na kwamba ile huzuni nzito ambayo mtu hujilaumu ndani yake na kujiona hafai kitu ni nadra sana kwake, kwa kuwa mila na ukoo vimembebea majukumu yote ya maisha, naye mwenyewe hana mzigo wa dhamiri wa kumwelemea. Mwaka 1951 alikwenda mbele zaidi, akamfananisha Mwafrika na Mzungu ambaye sehemu ya mbele ya ubongo wake imekatwa kwa kisu cha tabibu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likakichapa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, na rai ya mtu mmoja ikapata muhuri wa ulimwengu.

Tuikague hoja hiyo kwa utulivu, maana ubaya wake hauko katika maneno makali, na mwenye kuitoa hakuwa mtu wa matusi. Sensa ya 1948 ilihesabu katika Kenya watu zaidi ya 5,000,000, na hospitali iliyowangoja ilikuwa hiyo moja ya Nairobi. Mwafrika hakufika huko kwa kusikitika. Alifika, mara nyingi, kwa kuletwa na askari na kupitishwa mbele ya hakimu, baada ya kupiga mtu, kuchoma nyumba, au kutembea uchi sokoni. Mwanamke wa Nyanza aliyelala kitandani miezi mizima akigeuzia uso ukutani hakuvunja amani ya mtu yeyote, na hapana aliyekuwa na sababu ya kumpandisha gari la moshi. Basi mlango ulifanywa mwembamba, wakahesabiwa waliopita mlangoni, na kutokana na uchache wao ikathibitishwa kuwa walio nje ni wazima. Hoja ya namna hii hujizungusha yenyewe: tiba haikutolewa kwa kuwa ugonjwa haukuonekana, na ugonjwa haukuonekana kwa kuwa tiba haikutolewa. Ardhi ya hoja hiyo ilikuwa imekwisha kulimwa kabla ya Carothers, kwani katika miaka ya 1930 H. L. Gordon, aliyekuwa mkuu wa Mathari kabla yake, na F. W. Vint, tabibu wa maabara ya Nairobi, walikuwa wakipima vichwa na bongo za Waafrika na kudai kuwa zina upungufu wa maumbile.

Mtu angeweza kudhani kwamba kosa lilikuwa la hesabu tu, na kwamba hesabu ingalikuwa kubwa, hukumu ingalibadilika. Marekani inatuonyesha kuwa sivyo. Sensa ya huko ya 1840 ilikuwa ya kwanza kuhesabu wenye wazimu, na matokeo yake yalidai kwamba watu weusi walio huru katika majimbo ya Kaskazini hupatwa na wazimu mara nyingi kupita kiasi kuliko watumwa wa Kusini. John Calhoun, alipokuwa waziri wa mambo ya nchi za nje mwaka 1844, aliitumia hesabu hiyo katika barua kwa balozi wa Uingereza, akitoa hoja kwamba uhuru humharibu akili mtu mweusi na utumwa humhifadhi. Edward Jarvis, tabibu wa Massachusetts, aliyapekua madaftari akakuta miji ambayo wenye wazimu weusi walioandikwa wanazidi watu weusi wote wanaokaa humo. Na katika mji wa Worcester wale 133 walioandikwa kuwa wendawazimu weusi walikuwa ni wagonjwa weupe wa hospitali ya jimbo. James McCune Smith, tabibu mweusi wa New York, ambaye vyuo vya nchi yake vilimkataa kwa rangi yake hata akaenda kusoma Glasgow na kuhitimu udaktari mwaka 1837, naye aliibatilisha hesabu hiyo kwa burhani zilizo wazi. Sensa haikusahihishwa. Na mwaka 1851 Samuel Cartwright, tabibu wa Louisiana, akaugeuza utoro wa mtumwa kuwa ugonjwa wa akili, akautungia jina la Kiyunani, drapetomania, akaeleza jinsi ya kuukinga, na miongoni mwa kinga zake ulikuwemo mjeledi.

Ziweke hesabu hizi mbili pamoja, msomaji. Katika Kenya wendawazimu weusi walionekana wachache, ikasemwa kuwa mtu mweusi hana nafsi yenye kina cha kuweza kuhuzunika. Katika Marekani walionekana wengi, ikasemwa kuwa mtu mweusi hana nafsi yenye nguvu ya kuweza kuwa huru. Ukimhesabu kidogo amepungua, ukimhesabu sana amepungua. Hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa, na tarakimu ziliitwa baadaye kuja kuitia sahihi. Pia zingatia kwamba pande zote mbili zilikutana katika mtu mmoja, kwani mwaka 1954 serikali ya Kenya ilichapa waraka wa Carothers yule yule juu ya saikolojia ya Mau Mau, na watu waliodai ardhi yao wakaelezwa kwa lugha ya hospitali. Mwafrika alipolia kwa ndani hakusikiwa. Alipodai kwa sauti aliambiwa anaumwa.

Hapa ndipo ninaposema kuwa suala hili ni la itikadi. Anayedai kuwa taifa zima la watu halijui huzuni anasema neno juu ya uumbaji, hata kama hakukusudia kumtaja Muumba; anasema kuwa wamo miongoni mwa bani Adamu walioumbwa wakiwa na moyo wa kupigia damu tu. Dini zetu haziwezi kulivumilia neno hilo. Mwislamu anayeamini kwamba watu wote wametokana na nafsi moja, na Mkristo anayeamini kwamba kila mtu amebeba sura ya Mungu, wote wawili wamekwisha kukiri, hata wasipofikiri habari za matabibu, kwamba uwezo wa kuumia ndani umegawiwa sawa. Sheria ya Kiislamu ilipomwondolea majununi taklifu, mpaka akili yake imrudie, haikuuliza ni wa kabila gani. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza humo kwamba nafsi ina maradhi yake kama mwili ulivyo na yake, na kwamba maradhi ya nafsi ndiyo yenye kumzukia mtu mara nyingi zaidi. Kwani huenda mtu akakaa miaka mingi bila ya homa wala kidonda, lakini hapana anayepita katika maisha bila ya hofu, ghadhabu na huzuni. Na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284, ambayo wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao ndani yake, iliwekewa wakfu ili ipokee tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni.

Siyaleti haya kwa kujivuna. Nchi zile zile zilizojenga hospitali hizo ziliuza na kununua watu weusi, na pwani yetu ilikuwa soko. Utumwa ulipoondolewa nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, nyuma yake kulikuwa na watu wengi waliozeekea katika mashamba ya karafuu na minazi mbali na mama zao, na majonzi yao hayakuandikwa na tabibu wala shehe. Tulizisoma habari za nafsi moja misikitini, kisha tukatoka nje tukaishi kama kwamba zipo nafsi za namna mbili. Anayemlaumu Carothers kwa kutosikia, na ninamlaumu, hana budi kuulaumu na uziwi wa nyumbani kwao.

Ukweli ulidhihirika pale ambapo watu walikwenda kuuliza. Margaret Field, aliyewahi kufanya kazi ya elimu ya mila za watu katika Ghana kabla ya kuwa tabibu wa akili, alikaa karibu na mahali pa ibada za jadi, vijijini, akawasikiliza wanaokuja kushitaki shida zao. Na katika kitabu alichokitoa mwaka 1960 alieleza habari za wanawake waliokuja kwa hiari yao kujishitaki kuwa ni wachawi, kwamba wamewaua watoto wao wenyewe, kwamba hawastahili kuishi. Field aliwatambua kuwa ni wagonjwa wa huzuni nzito. Tafakari basi: ile lawama ya nafsi juu ya nafsi, ambayo kitabu cha 1953 kilisema Mwafrika karibu haijui, ilikuwa ikitembea kwa miguu njiani, inapiga magoti, inasema kwa sauti, na iliyokuwa ikikosekana ni sikio. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, ambako wanawake waliulizwa kwa utaratibu kama ule uliotumika kusini mwa London, ikaonekana kuwa huzuni ya kiwango cha ugonjwa ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko huko London.

Nimekutana na hoja kwamba Mwafrika ana waganga wake, na kwamba kumpeleka kwa daktari wa akili ni kumvisha nguo isiyomkaa. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Katika uganga wa pepo wa pwani, ambao maulamaa wengi wameukataza nami siutetei, mna jambo ambalo wodi za Mathari hazikuwa nalo: mgonjwa huketishwa katikati ya watu, huulizwa kinachomkaa ni nini na kinataka nini, na hungojwa mpaka ajibu, hata ikiwa ni usiku kucha. Thomas Lambo wa Nigeria alilifahamu hilo. Kuanzia mwaka 1954, katika hospitali ya Aro karibu na Abeokuta, aliwakalisha wagonjwa katika vijiji vilivyo jirani, kila mmoja pamoja na jamaa yake, wakatibiwa kwa dawa za hospitali na huku wakiendelea kupika, kulima na kusalimiana na watu, na waganga wa jadi wakashirikishwa kwa mashauri. Lakini Lambo hakutumia mila kuwa udhuru wa kumnyima mtu dawa. Nusu ya pili ya hoja hiyo, inayosema kuwa kwa sababu wana waganga basi hawahitaji madaktari, ni ule mlango mwembamba wa zamani uliopakwa rangi mpya, na naikataa kabisa.

Mtu ataniuliza kama nataka kila neno la mgonjwa wa akili lichukuliwe kuwa kweli. Sitaki hivyo. Anayesema kuwa majirani wametia sumu kisimani hatusadiki sumu. Tunasadiki hofu yake, nayo ndiyo tunayoitibu. Walakini kupambanua sumu na hofu kunahitaji kumjua mtu na maisha yake, na hapo ndipo rangi inapoingia tena. Kijana mweusi wa London akimwambia daktari kuwa polisi humfuatafuata njiani, huenda maneno hayo ni dalili ya ugonjwa, na huenda ni habari sahihi ya wiki yake. Daktari ambaye hajapata kusimamishwa njiani hata mara moja atatofautishaje, asipokuwa na unyenyekevu wa kuuliza zaidi?

Matokeo ya kutouliza yanahesabika. Katika Uingereza, kwa hesabu za serikali za mwaka ulioishia Machi 2021, katika kila watu weusi 100,000 walikuwepo 344 waliozuiliwa hospitalini kwa amri ya Sheria ya Afya ya Akili, na katika kila weupe 100,000 walikuwa 75. Mapitio ya sheria hiyo yaliyoongozwa na Simon Wessely, yaliyomalizika mwaka 2018, yaliagizwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya tofauti ya namna hii. Marekani nako, ripoti ya David Satcher, mkuu wa afya ya umma, ilieleza mwaka 2001 kwamba watu wa makabila madogo hupata huduma chache zaidi na za hali ya chini zaidi, ingawa kwa jumla hawaugui kuliko wengine. Uhaba na wingi vimekutana katika mtu yule yule: tiba ya mazungumzo, inayotolewa mapema na kwa upole, humpitia kando, tiba ya nguvu, inayokuja na askari na mlango wa kufungwa, humfikia upesi. Naye akijua kuwa hospitali humfikia kwa sura hiyo huikimbia, na akiikimbia huchelewa, na akichelewa hali huharibika, na hali ikiharibika huitwa askari.

Katika mji wa Norwich, mwezi Oktoba 1998, alifariki David Bennett, mzaliwa wa Jamaica, aliyekuwa ameugua akili kwa miaka mingi. Usiku ule alitukanwa kwa rangi yake na mgonjwa mwenziwe, vurugu likatokea, na wauguzi wakamlaza kifudifudi na kumkandamiza kwa muda wa dakika 25 hivi, hata akakata roho. Tume ya uchunguzi, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2004, ilikiri kuwepo kwa ubaguzi wa rangi ulioota mizizi katika utaratibu wa huduma ya afya ya nchi. Jambo linalonichoma zaidi kuliko mengine yote katika kisa hiki ni kwamba Bennett, miaka mitano kabla ya kifo chake, alikuwa amewaandikia wakubwa wa hospitali barua ya adabu akieleza kuwa wagonjwa weusi wamo na wafanyakazi weusi hawamo, akaomba wapatikane walau wawili. Mtu huyu ambaye jalada lake lilimwita mgonjwa wa akili aliiona ila ya hospitali ile kabla ya madaktari wake, akaiandika, na maneno yake yakahesabiwa kuwa maneno ya mgonjwa.

Nisingependa msomaji wa Mombasa au Dodoma ayaweke haya yote ng'ambo ya bahari. Majina ya Mathari na Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, tumeyageuza matusi ya mtaani, na wako ndugu wanaofungwa minyororo katika vyumba vya uani ili wageni wasiwaone. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kakuma na Nyarugusu wamo watu waliotoka katika vita vya Somalia, Sudan Kusini, Kongo na Burundi, na wanapofika katika hospitali zetu mara nyingi mkalimani wao ni mtoto wao wenyewe. Mama hawezi kumwambia mwanawe wa miaka kumi yaliyompata njiani. Husema kichwa kinamuuma, hupewa vidonge vya kichwa, na daftari letu huandika kuwa mgonjwa mmoja wa kichwa ametibiwa. Sisi nasi tunahesabu waliopita mlangoni.

Nakuomba basi, uliye tabibu, umuulize mgonjwa kwa lugha anayoililia, na ukiwa huijui utafute mwenye kuijua ambaye si mwana wala mke wa mgonjwa. Nakuomba, uliye imamu au padri, anapokujia muumini ambaye usingizi umemhama, usimtuhumu kwa uhaba wa imani kabla hujamsikiliza mpaka mwisho na kumwonyesha njia ya hospitali. Na ninyi wenye mali, mnaoweka wakfu visima na misikiti, wekeni wakfu pia wa mishahara ya wakalimani katika hospitali za akili, mwanze na Mathari na Mirembe.